Mguu wa Kamati na Jaruba la Kavira

Kosa litakalofichuliwa katika kurasa hizi ni la kuliabudu jasho. Silo kosa la wavivu. Ni kosa la watu wema na wachapakazi, wanaoamka kabla ya jua na kurudi nyumbani wakiwa na tope hadi magotini, nao huamini kwamba tope hilo lenyewe ni ushahidi wa haki yao. Mtu wa namna hiyo hamuulizi mwenzake amevuna nini. Humuuliza amechoka kiasi gani. Nimeishi na kosa hili katika wilaya ya Kasese muda wote wa utumishi wangu kama afisa ugani wa kilimo, na msimu mmoja, katika majaruba ya mpunga yaliyo bondeni chini ya mji wa Bwera, nusura limnyang'anye mwanamke mmoja shamba lake mbele ya macho yangu.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa. Nimestaafu nikiwa bado na meno yangu yote na macho yanayosoma bila miwani, kwa hiyo msidhani kwamba haya ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa na umri. Sitasimulia jinsi nilivyopandishwa vyeo. Habari hizo hazimfaidi mtu yeyote isipokuwa aliyepandishwa, na hata yeye huzizoea upesi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Bugoye, katika bonde la mto Mubuku. Nilifika nikiwa nimevaa viatu vya visigino na nimebeba vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki ili visilowe. Mkuu wangu, Mzee Bwambale, alikuwa katika kazi hiyo tangu zamani sana, naye alikuwa na desturi ya kuwatazama wageni kuanzia miguuni kwenda juu. Kwangu hakufika juu.

"Madamu, umekuja na viatu vingine?"

"Hapana, Mzee."

"Basi vua hivyo. Vyeti weka mezani, havitapotea. Hapa hakuna anayeviiba."

Tuliingia pekupeku katika shamba la maharagwe la mtu mmoja ambaye alikuwa amelalamika kwamba mimea yake hunyauka siku mbili tu baada ya mvua. Mzee Bwambale alinipa nondo nyembamba iliyonolewa ncha, yenye mpini wa mti wa kahawa, akaniagiza niisukume ardhini polepole. Iliingia kwa urahisi, kisha ikasimama ghafla, kana kwamba imegonga sakafu. Nilijitupa juu yake kwa uzito wangu wote. Akanishika mkono.

"Ikisimama usisukume kwa hasira," alisema. "Uliza nani amekanyaga hapa."

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo nililisoma darasani bila kulielewa: kwamba jembe linalochimba kina kilekile mwaka baada ya mwaka, pamoja na miguu inayolifuata, hugandamiza tabaka la chini likawa gumu kama kigae, mizizi ikalifikia na kupinda pembeni, na maji yakakaa juu yake kama mgeni aliyenyimwa mlango. Mkulima huyo alikuwa akilima sana. Maharagwe yake yalikuwa yakifa kwa sababu hiyo hiyo.

Baadaye nilihamishiwa Kyarumba, kwenye miteremko nilikozaliwa, ambako mizigo hupanda na kushuka vichwani mwa watu na mguu hujifunza kushika njia kama mkono. Huko watu hulima mteremko hadi ukawa mweusi na msafi, bila jani hata moja, kwa kuwa shamba lenye takataka hutazamwa kama uwanja usiofagiliwa, na mama mkwe hupita akaona. Mvua ya kwanza ikinyesha, weusi huo wote hushuka. Nimewahi kusuluhisha ugomvi wa majirani wawili ambao, kwa kweli, walikuwa wakigombea shamba moja: lilikuwa la yule wa juu, nalo lilikuwa limehamia kwa yule wa chini. Nilipomshauri yule wa juu aache mabua na majani juu ya ardhi, alinitazama kwa huzuni, akaniuliza kama nilikuwa nimeolewa.

Ndivyo nilivyofika Bwera, nikiwa tayari nimeanza kulitambua kosa hilo kwa sura, ingawa nilikuwa sijalipa jina.

Asiyelifahamu bonde hilo alifikirie hivi. Juu, upande wa kaskazini, Rwenzori imejifunika mawingu yake. Chini ni joto na vumbi, malori yanayongoja kuvuka mpaka, na akina mama wa Kikongo kutoka upande wa Beni na Butembo wakiwa na mafuta ya mawese na vitenge. Kati ya hivyo viwili, pale ambapo mfereji unachepuka kutoka mtoni, yapo majaruba: vipande vya ardhi vilivyozungushiwa kingo za udongo, kila kimoja na mwenyewe, vyote vikiwa chini ya kikundi kimoja cha wakulima.

Mpunga huko ulilimwa kwa njia moja tu. Baada ya mavuno mabua yalichomwa moto. Kisha maji yalifunguliwa hadi jaruba likajaa, likaachwa lilowe, likapitishwa plau ya ng'ombe, likajazwa maji tena, na watu wakaingia na majembe na miguu kulivuruga hadi udongo na maji vikawa kitu kimoja kama uji. Ndipo lilisawazishwa, na miche ikahamishwa kutoka kitaluni. Kazi hiyo ya kuvuruga ilikuwa na mabingwa wake. Walikuwapo vibarua waliosifiwa bonde zima kwa nguvu za miguu yao, na walipokuwa kazini watu waliimba.

Palikuwapo pia desturi ambayo sijaiona mahali pengine popote. Kabla ya kupanda, kamati ya kikundi ilipita jaruba kwa jaruba, na mwenyekiti aliingiza mguu wake wa kulia, suruali ikiwa imekunjwa. Tope likifika nusu ya ugoko, shamba lilikuwa limelimwa. Lisipofika, shamba lilihesabiwa kuwa limetelekezwa, na hapo hapo likapewa mtu aliyekuwa wa kwanza katika mstari wa wanaongojea. Huyo wa kwanza peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuandaa kitalu mapema, ili akipewa shamba apande bila kuchelewa. Na akikataa, alirudi mwisho wa mstari. Waliita kipimo hicho "mguu". "Mguu ni kesho," walisema, na watu hawakulala vizuri.

Msiidharau desturi hiyo. Ilianzishwa kwa haki, wakati ambapo watu wa mjini walikuwa wakishikilia majaruba bila kuyalima huku wenye njaa wakitazama. Kanuni nyingi mbaya mtakazokutana nazo zilizaliwa nzuri.

Mwenyekiti alikuwa Afande Masereka, askari mstaafu, mtu mnyoofu kama rula, asiyepokea hata kikombe cha chai kutoka kwa mwenye jaruba siku ya mguu. Aliwahi kumnyang'anya shamba shemeji yake mwenyewe. Tulipatana vizuri kwa sababu hatukupendana na hatukudanganyana.

Misimu ilivyopita, nondo ya Mzee Bwambale ilinipa habari mbaya. Katika kila jaruba nilimoisukuma, ilisimama karibu na juu. Chini ya ule uji palikuwa na sakafu iliyojengwa kwa miguu ya miaka mingi. Maji yakikauka kidogo, udongo wa mfinyanzi ulipasuka nyufa za kumeza kiganja, na mizizi ikakatika. Na maji yenyewe yalikuwa yakipungua mferejini, wakati kulowesha na kuvuruga kulikula sehemu kubwa ya zamu ya kila mtu kabla mche mmoja haujagusa ardhi. Waliokuwa mwisho wa mfereji walipanda wamechelewa, au hawakupanda.

Nilikuwa nimejifunza, kwa kusoma na kwa semina, njia ya kupunguza kutifua. Mabua yanakatwa chini kwa mundu na kulazwa juu ya ardhi badala ya kuchomwa. Magugu yanashughulikiwa mapema. Kingo zinazibwa kwa makini. Maji yanaingizwa kiasi cha kulainisha tu, kisha kwa kijiti au jembe jembamba unafungua ufa mdogo, unaweka mche, unaubana kwa vidole, unasonga mbele. Ardhi nyingine yote haiguswi. Niliomba kona ya jaruba la ofisi, nikafanya hivyo misimu mitatu mfululizo bila kumhubiria mtu.

Nataka niandike polepole nilichokiona kwenye kona hiyo, kwa sababu nimesoma vitabu vingi vya kunyoosha tabia za watu na hakuna kilichonishusha magotini kama majani yaliyooza. Msimu wa tatu nilifunua mabua ya chini kabisa. Hayakuwa mabua tena. Yalikuwa kitu cheusi, laini, chenye harufu ya msitu baada ya mvua, nacho kilikuwa kimefumwa kwa nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nywele za mtoto. Nyungunyungu walijivuta kuukimbia mwanga. Kila mmoja alikuwa ameacha tundu, na kila tundu lilishuka. Nilisukuma nondo. Ilipita mahali pa sakafu, ikaendelea kushuka, hadi mpini ukagusa ardhi. Nilikaa hapo nikiwa nimeushika, kama mtu aliyesalimiwa na asiyemtarajia. Hakuna aliyechimba. Kazi ile ambayo watu waliimba na kutoka jasho kwa ajili yake ilikuwa imefanywa kimya na viumbe wasio na miguu, kwa kuwa tu waliachwa waifanye.

Niliwaonyesha wakulima. Waliniambia, kwa heshima zote, kwamba hicho ni kilimo cha wavivu.

Aliyekuja kuniuliza kwa dhati alikuwa Kavira. Alikuwa Mkatoliki kutoka karibu na Beni, amekaa Bwera miaka mingi, na mumewe Kambale alikuwa mpakiaji wa malori mpakani, leo ana kazi na kesho hana. Jaruba lao, karibu na mwisho wa mfereji, ndilo lililowalisha. Mwaka huo bodaboda ilikuwa imemwangusha Kavira kwenye mteremko, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Aliweza kutembea na kuinama, lakini kuvuta mguu kutoka katika tope zito hakuweza. Ng'ombe wa plau hawakuwa wakifika kwake hadi wamalize kwa wenye nafasi.

"Madamu Agronomu," alisema, akiwa ameegemea fimbo yake, "mu hii hali, miye nitavuruga na nini? Na ulimi?"

Nilimweleza njia. Nikamweleza pia, kwa sauti ile ile, hatari yake: kwamba siku ya mguu jaruba lake lisingemeza ugoko wa mtu yeyote.

"Bakiikamata, batoto batakula nini?"

"Sijui, mama."

"Na nisipofanya hii yako, nitavuruga?"

"Hutaweza."

"Basi ni sawasawa. Ku pande zote mbili banaikamata. Ile yako afazali iko na mupunga."

Niliandika kwa kamati kuomba jaruba hilo lipimwe kwa namna nyingine. Afande alinijibu kwa mdomo, tulipokutana sokoni, kwamba mguu wake hausomi barua.

Kavira na mumewe walikata mabua, wakayalaza, wakaziba kingo. Jaruba lilionekana kama kitanda ambacho hakijatandikwa. Asubuhi ya mguu watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu habari ilikuwa imeenea. Na kwenye ukingo wa jaruba la Kavira alikuwa amesimama yule aliyekuwa wa kwanza katika mstari.

Walimwita Kyarumba, kwa sababu ndiko alikoshuka, kama mimi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye watoto, asiye na ardhi, naye ndiye aliyekuwa bingwa wa kuvuruga aliyesifiwa kuliko wote. Alikuwa amekanyaga majaruba ya watu wengine kwa misimu mingi huku akingojea lake. Asubuhi hiyo alikuja na miche yake, imefungwa mafungu kwa kamba za mgomba, mabichi, yakidondosha maji. Hakuwa na uchoyo usoni. Alikuwa amengoja kwa haki, na zamu yake ilikuwa imefika.

"Kando!" Afande alisema. "Hakuna mtu kuingia kabla yangu."

Alikunja suruali. Aliweka mguu juu ya mabua. Ulizama hadi kwenye kifundo, basi. Alibadilisha mahali, akakanyaga tena kwa nguvu, kwa uaminifu kabisa. Kifundo.

Watu waliangua kicheko.

"Hii amelima na maombi!"

"Wacheni kelele, mpunga imelala. Si munaona amefunika na blanketi?"

"Kavira, wewe umefuga kuku humo ama?"

"Nyamazeni kule!" alifoka Afande. Kisha akamgeukia Kavira, na sauti yake haikuwa na ukatili. "Mama, hapa hakuna kazi imefanyika."

"Iko," Kavira alisema. "Afande, angalia muzuri. Iko."

"Kazi iko wapi? Nionyeshe."

"Iko chini. Haiko ku mguu yako."

Kicheko kingine. Kambale alimshika mkewe bega, na Kavira akautoa mkono wake. Alihamishia uzito kwenye fimbo, kwa kuwa alikuwa amesimama muda mrefu juu ya nyonga mbovu. Nilisogea na nondo.

"Afande, nipe nafasi ndogo."

"Madamu, kanuni ni kanuni."

"Sigusi kanuni. Nagusa udongo."

Niliisukuma kwanza katika jaruba la jirani, lililovurugwa vizuri likang'aa kama kioo. Ilizama katika uji, ikasimama. Nilimwomba Afande aisukume mwenyewe, ikasimama. Kisha niliingia kwa Kavira. Msifikiri kwamba ilishuka kama kwenye kona yangu. Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza, na sakafu ilikuwapo bado. Lakini sehemu moja, karibu na ukingo ambako nyasi zilikuwa zimeachwa tangu zamani, ilishuka, ikashuka, ikafika kwenye mpini.

"Hiyo ni tundu ya panya," alisema mtu.

Afande alinirudishia nondo. Alikuwa ameona, nina hakika. Lakini alikuwa mtu wa kuamini kwamba haki ikianza kuchagua itakoma kuwa haki. "Shamba halijalimwa," alitangaza. "Linakwenda kwa anayefuata. Kyarumba, ingia."

Kavira hakulia. Aliketi ukingoni, polepole, akinyoosha ule mguu, akatazama mabua yake.

Kyarumba aliingia. Aliweka mafungu yake ya miche juu ya mabua, akapiga magoti, na akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alifunua mabua pale karibu na ukingo nilipopitisha nondo, akaingiza mkono, akatoa bonge la udongo. Alilivunja katikati. Alilitazama muda mrefu. Lilikuwa na matundu kama mkate, na nyungunyungu mmoja alining'inia nusu ndani, nusu nje. Alilinusa. Kicheko kilipungua, kikaisha, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika, na hata wale waliokuwa wakitania waliona haya kuendelea.

"Nimekanyaga hii bonde yote," alisema, si kwa yeyote. "Yote. Sijawahi kuona chini yake."

"Kyarumba, anza kuvuruga, jua linapanda," alisema Afande.

"Afande, hapana."

"Hapana nini?"

"Sitaki hii shamba."

"Umeshikwa na wazimu? Miaka yote umengoja!"

"Nimengoja. Lakini nikiichukua leo, itabidi niivuruge ndiyo wewe ukubali mguu. Na mimi hii siwezi kuivuruga." Alilirudisha bonge mahali pake, akalifunika kwa mabua kwa namna mtu afunikavyo mtoto. "Iacheni ivunwe kwanza. Tuone."

"Ukikataa unarudi mwisho wa mstari. Unajua hiyo?"

"Najua, Afande."

"Mwisho kabisa. Sitakupendelea."

"Sijaomba."

Na kwa kuwa hakuna mwingine katika mstari aliyeruhusiwa kuwa na kitalu, jaruba lilibaki, kwa kanuni ile ile, mikononi mwa Kavira kwa msimu huo. Afande alisimama akilitafakari hilo, akitafuta kasoro, hakuipata. Alishusha suruali yake, akaenda jaruba lililofuata. Kyarumba aliokota miche yake na kuizungusha bondeni siku nzima, akiwapa bure waliokuwa na mapengo ya kujazia, kwa sababu miche iliyokwisha kung'olewa haingoji. Walioipokea walikuwa ni wale wale waliocheka. Waliipokea bila kumtazama.

Sitaki mdhani kwamba kilichofuata kilikuwa rahisi. Majuma ya mwanzo mpunga wa Kavira ulikuwa wa manjano, kwa kuwa mabua yanapooza hula kwanza chakula cha mimea kabla ya kukirudisha. Nilijua hivyo, nikamwambia, nikamshauri atie samadi iliyooza vizuri pale maji yanapoingilia. Lakini kujua hakukunifanya nilale. Ndago ziliota upande mmoja, naye alizing'oa akiwa ameketi juu ya kigoda, akijiburuta. Kila aliyepita alisema neno. "Kavira, hiyo ni mpunga ama ni vitunguu?" Naye alijibu, "Ngoja, utaniomba mbegu."

Ndipo maji yakaisha. Mvua za milimani zilikawia, mfereji ukawa uzi, na zamu zikasogezwa, kisha zikasogezwa tena. Majaruba yaliyovurugwa yalianza kukunjamana kwenye kingo, yakapasuka, na usiku mmoja tu wa upepo mkavu ulitosha kuyageuza rangi. Wenye majaruba walibeba maji kwa madumu, jambo la kusikitisha kulitazama.

Nilikwenda kwa Kavira nikiwa na hofu. Nilipiga magoti, nikafunua mabua. Chini yake palikuwa pamelowa. Si kwa wingi. Kama kitambaa kilichokamuliwa. Lakini palikuwa pamelowa, na mizizi myeupe ilikuwa imejaa humo, ikipita ndani ya matundu ya nyungunyungu kama watu wanaotumia njia iliyokwisha kuchongwa. Mpunga uliokuwa manjano ulikuwa umegeuka kijani kizito, kinachokaribia weusi. Nimeingia katika makanisa makubwa, nikasimama chini ya madirisha yao ya rangi. Sijawahi kunyamaza ndani yake kama nilivyonyamaza hapo, nikiwa nimeinua jani bovu kwa vidole viwili.

Kavira alivuna. Mavuno yake hayakuwa ya ajabu. Yalikuwa mavuno ya mwaka wa kawaida, katika mwaka ambao hapakuwa na kawaida. Watoto wake walikula. Siku ya kupura, Afande Masereka alikuja, akasimama kando ya turubai, akachota punje, akazisugua viganjani na kuzipuliza.

"Sikukosea," aliniambia. "Kanuni ndiyo ilikosea."

"Nani aliishika, Afande?"

"Mimi. Na nitaishika hata itakayofuata. Iandike vizuri basi, ili nisiwe na cha kushika kibaya."

Tuliiandika pamoja, tukigombana kwa kila neno. Siku hizi kamati hupita ikitazama kama kingo zimezibwa, magugu yameshughulikiwa na kitalu kipo. Mguu wa mwenyekiti hubaki ndani ya kiatu. Si wote walioacha kuvuruga. Pale penye ndago nyingi njia hii hushindwa mwaka wa kwanza, na mtakapoona inashindwa semeni wazi, msije mkageuza kutotifua kuwa ibada nyingine mahali pa ile ya jasho. Lakini maji sasa hufika mwisho wa mfereji katika misimu ambayo zamani yasingefika, na moshi wa mabua baada ya mavuno umepungua bondeni.

Jambo moja halikurekebishwa, nami siwezi kustaafu kimya juu yake. Kazi ya kuvuruga ilipopungua, bingwa wake ndiye aliyepata hasara ya kwanza. Kyarumba alianza kukodiwa kukata na kulaza mabua na kuziba kingo, kazi isiyoimbiwa nyimbo. Kamati ilimwita, na Afande, mbele ya wote, akamwambia kwamba wamekubaliana kumrudisha mwanzo wa mstari. Watu walipiga makofi. Yeye alingoja yaishe.

"Mbele yangu kuna watu, na wao wamengoja," alisema. "Nilitoka mimi mwenyewe. Hawakunitoa."

Nilimfuata njiani kumuuliza kama alijua, asubuhi ile, alichokuwa akikitupa. Alisema alijua vizuri. Mkewe alikuwa amemwambia aoge kabla ya kuja, kwa kuwa ilikuwa siku kubwa. Nikamuuliza kwa nini basi. Akasema kwamba alipolivunja lile bonge aliona aibu, si ya watu, bali kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya wengine bila kubisha.

Nimesoma watu wengi walioandika juu ya haki, na nimewasikiliza wengi zaidi waliohubiri juu yake. Ninyi mtakapolirithi bonde hilo mtapewa vifaa bora kuliko vyangu, na vipimo ambavyo sikuviota. Vitumieni. Lakini siku yenu ya kwanza, kabla ya kupima chochote, teremkeni mfereji mkamsalimie mtu huyo kwa heshima, kwa maana bila yeye pasingekuwa na cha kupima. Mtamkuta akifanya kazi katika shamba la mtu mwingine. Mstari umesogea, naye bado yumo ndani yake, akingoja zamu yake kama wengine. Msimwite Kyarumba. Anaitwa Thembo Yeremia.